Siku Tulipokatazwa Kutaniana Kiwandani

Siku hizi mtu akitamka neno uzembe mbele yangu, namtazama vidole kwanza. Wengi wa wanaolipenda neno hilo wana vidole vyao vyote, visafi, na kalamu katikati. Nimelisikia likisemwa juu ya mtu niliyefanya naye kazi miaka kadhaa, na hasira niliyoipata siku ile haijanitoka. Naandika nikiwa nayo.

Kiwanda chetu kiko nje kidogo ya mji wa Songea. Tunajenga nyumba zikiwa zimelala. Ndivyo ninavyowaeleza ndugu zangu wanaponiuliza nafanya kazi gani. Ukuta unaundwa juu ya meza ndefu ya chuma: fremu ya mbao za paini, sufi ya kioo katikati ya kuzuia joto na baridi, mbao za kufunika pande zote mbili, nafasi ya dirisha imeshakatwa. Ukiisha, unanyanyuliwa na winchi inayotembea kwenye reli ya juu na kupelekwa ukining'inia hadi kwenye nguzo za chuma, ambako kuta huegeshwa zikisubiri lori. Lori likifika Lusewa au Tunduru, mafundi wanaziunganisha, na kabla wiki haijaisha mwalimu fulani anahamia na kitanda chake. Ni kazi nzuri na ninaipenda. Nikipita barabarani nikaiona nyumba yetu imesimama, na mtu ameanika kanga dirishani, moyo wangu unafurahi.

Lakini kazi hiyo inaumiza watu, na inawaumiza kimyakimya. Bunduki ya misumari iliwahi kumshona mwenzetu kiatu na mguu wake pamoja kwenye ubao. Msumeno wa mezani umewapunguza kucha na ncha za vidole watu ninaowafahamu, na siku hiyo hiyo mbao zilizobaki zikaendelea kupasuliwa. Mama mmoja wa kupanga sufi ya kioo anajikuna mikono mpaka leo, hata kanisani. Sanduku la huduma ya kwanza lipo, jeupe, lina msalaba mwekundu. Ufunguo wake anao mtunza stoo, na mtunza stoo ana haki ya kwenda kula kama watu wengine. Kwa hiyo ukitaka kukatika, jitahidi usikatike wakati wa chakula cha mchana.

Winchi ilipoletwa ilikuwa na king'ora. Ukuta ukianza kutembea, king'ora kinalia, na kila aliye njiani anajua cha kufanya. Kikafa. Tukaomba kitengenezwe, tukaambiwa kitakuja pamoja na vipuri vingine. Vipuri vikaja, king'ora hakikuwemo. Tukaomba tena, tukaambiwa tuwe na subira. Basi tukawa king'ora sisi wenyewe.

Kazi yangu ni kamba. Ukuta unaponing'inia, mimi natembea nao nikiwa nimeshika kamba iliyofungwa kwenye pembe yake ya chini, usije ukazunguka na kumpiga mtu. Anayeendesha winchi yuko mbali, ameshika kibonyezo, na ukuta wenyewe unamkinga asione mbele. Kwa hiyo aliyetakiwa kupiga kelele ni mimi. Na kelele yenyewe inatakiwa ipenye katikati ya misumeno, kompresa na bunduki za misumari zikifanya kazi kwa pamoja. Sauti ya kawaida haifiki hata kwa mtu aliye hatua mbili mbele yako.

Kwenye nguzo za kuegeshea kuta alikuwa mtani wangu. Yeye ni Myao wa Namasakata, huko Tunduru, mtu wa makamo, mwenye kofia ya kufuma ambayo alikuwa anaivua kwa shida akitakiwa kuvaa helmeti. Mimi ni Mngoni. Wenyeji wa huku hawahitaji kuelezwa zaidi ya hapo, lakini kwa asiyejua: watu wa makabila yetu wana ruhusa ya kutukanana bila kuudhiana, na ukikataa kutukanwa unaonekana mtu wa ajabu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kwa sababu amenizidi umri, naye aliitikia marahaba kwa upole. Hapo heshima ya siku ilikuwa imekwisha. Mimi nilimwita mateka, kwa kuwa babu zangu walikuwa wanaume wa vita na walikamata watu. Yeye aliniita mvaa ngozi, kwa kuwa, alivyodai, babu zake wafanyabiashara waliwakuta wa kwangu hawana hata kitambaa cha kujisitiri.

Hayo matusi ndiyo yaliyokuwa king'ora chetu. Ukuta ukianza kutembea nilipaza sauti, "Mateka, toka hapo!" na mtani wangu alikuwa ameshasogea kabla sijamaliza, bila hata kugeuka, huku akinijibu, "Napisha, mvaa ngozi." Wengine nao walikuwa na yao. Kijana wa Kihehe wa upande wa madirisha alikuwa na jina lake ambalo sitaliandika. Sikio la mtu lina tabia ya kuchagua, na hakuna linachokichagua upesi kama tusi la mtani wake. Kwa muda wote tulioishi hivyo, hakuna ukuta uliomgusa mtu.

Kisha akaletwa afisa utumishi mpya kutoka mkoa mwingine. Sitaki kumsingizia ubaya. Alikuwa mpole, alisalimia kila mtu, na ndiye aliyetuletea maji ya kunywa karibu na meza za kazi. Siku moja akasimama mbele yetu asubuhi akiwa amekunja uso. Alisema wanakuja wageni, wanunuzi wakubwa, watazunguka kiwanda chote, na yeye amesikitishwa na lugha anayoisikia humu ndani.

"Watu wazima mnaitana mateka, mnaitana majina ya wanyama," alisema. "Mgeni akisikia atatuonaje? Kuanzia leo ni lugha ya staha. Mtu anaitwa ndugu, kaka, dada. Ukitaka apishe, unamwomba apishe. Atakayesikika akitukana, atachukuliwa hatua."

Mtani wangu alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, ule ni utani tu, na unatusaidia kusikiana. King'ora hakifanyi kazi."

"King'ora kinashughulikiwa," alijibu afisa. "Staha haisubiri vipuri."

Watu wakacheka, na afisa naye akatabasamu, akidhani tunacheka pamoja naye. Tukaenda kazini. Asubuhi ile tulijaribu, na ilikuwa kama mchezo wa kuigiza. "Kaka yangu, tafadhali, nakuomba unipishe kidogo." Mwenzako anakuuliza, "Unasemaje?" Unarudia. Ukuta umeshafika. Siku zile za kwanza aliyeendesha winchi alikuwa anasimama na kusubiri, kwa hiyo hakuumia mtu, ila kazi ilipungua na msimamizi akaanza kununa.

Wageni walikuja wakiwa wamevaa helmeti mpya zisizo na hata mkwaruzo. Misumeno yote iliwashwa, hata ile isiyokuwa na mbao za kupasua siku hiyo, ili kiwanda kionekane kina shughuli. Meneja alikuwa mbele anaonyesha kwa mkono, na afisa utumishi alikuwa nyuma anawaongoza wageni kwa sauti ya juu na maneno matamu: naomba mpite huku, ndugu zangu, naomba mpishe kidogo hapo, waheshimiwa. Msimamizi alisimama mahali ambapo mwendesha winchi anamwona, akawa anamzungushia mkono: twende, twende. Hakutaka ukuta usimame mbele ya wageni.

Ukuta ukaja. Mimi nilikuwa na kamba yangu. Mtani wangu alikuwa amenipa mgongo, amejishikiza kwenye nguzo ya chuma kwa mkono wa kulia, anagonga kabari kwa wa kushoto. Alikuwa anatumia mikono yote miwili sawasawa, na watu walimsifu kwa hilo. Nikamwita kama tulivyoagizwa. "Ndugu yangu, naomba upishe." Nikapaza tena, "Naomba upishe, ndugu." Hakusogea. Ukuta haukusimama. Nikavuta kamba kwa nguvu zangu zote, lakini ukuta mzima wa nyumba hauvutwi na mtu mmoja, na viatu vyangu vikawa vinateleza kwenye vumbi la mbao.

Ndipo nikapiga kelele, "Mateka!"

Aliruka. Neno lilimfikia na mwili wake ukaondoka pale pale, kifua kikaokoka, kichwa kikaokoka. Mkono wa kulia ndio uliochelewa. Ukuta ukaubana kwenye nguzo, na nikasikia mlio ambao kelele zote za kiwanda hazikuweza kuuficha. Mmoja wa wageni alikaa chini. Mtunza stoo alikuwa kwenye msafara wa wageni na ufunguo wa sanduku mfukoni, akatafutwa, na wakati anatafutwa nikaufunga mkono wa mtani wangu kwa kitenge nilichojifunga kiunoni.

Hospitali walifanya walichoweza. Kidole gumba kilibaki, na kidole kidogo kilibaki kikiwa hakikunjiki. Vitatu vya katikati havikuwa na cha kuokoa.

Siku chache baadaye nilianza kulisikia lile neno. Kwanza kutoka kwa msimamizi, kisha kwa watu wa ofisini: uzembe. Mfanyakazi aliitwa, akapewa tahadhari, hakusogea. Ikithibitishwa hivyo, tulielezwa, kampuni haitakuwa na wajibu kwake. Itabidi aachishwe kazi, na madai yake ya kuumia kazini yatapelekwa yakiwa na maelezo kwamba alijiumiza mwenyewe kwa ukaidi. Kitafanyika kikao, na shahidi wa tahadhari hiyo ni mmoja tu. Shahidi ni mimi.

Afisa utumishi aliniita kwenye kivuli cha ofisi. Hakunitisha, na hilo ndilo lililonikera zaidi. "Dada, wewe useme ukweli tu," aliniambia. "Ulimwita au hukumwita?"

"Nilimwita."

"Mara moja?"

"Zaidi ya mara moja."

"Basi. Hakuna anayekuomba uongo."

Nilirudi kwenye kamba yangu nikiwa na hasira. Ni kweli nilimwita. Walikuwa wameuchukua ukweli wangu, wakaukata upande mmoja, na sasa walitaka kumpigia mtu nao. Tena walitaka nitoke pale nikiwa na dhamiri safi, kwa kuwa kila neno nitakalosema litakuwa la kweli. Afadhali wangeniomba niseme uongo, ningejua ninagombana na nani.

Jumapili nilikwenda kumwona kwake. Alipanga chumba na sebule, na mkewe alikuwa amekuja kutoka Namasakata kumuuguza. Nilimkuta anakula. Mke anamega ugali, anachovya kwenye mboga, anamlisha. Yeye ni mtu wa swala, na kwao mkono wa kushoto hauingii kwenye chakula. Alikuwa anatafuna huku anatazama ukutani, mtu aliyenilisha mimi vichekesho miaka yote ile. Nilipoingia, mke akataka kuondoa sahani, naye akasema, "Acha, huyu ni mtani."

Nilikaa. Kwa desturi yetu nilitakiwa kumtukana. Mgonjwa hutaniwa, hata msiba wa mtani huendewa kwa vituko, na watu hutarajia uwachekeshe wafiwa. Tusi lilinikataa. Nikasema, "Pole sana, kaka."

"Wewe nawe umeshanihurumia," alisema. "Basi nimekwisha."

Alinieleza anachokiogopa, na hakukieleza kwa kuzunguka. Akiachishwa kazi kwa uzembe atarudi kwao. Mikorosho anayo, lakini korosho zinaokotwa moja moja chini ya mti na kung'olewa kwenye bibo kwa vidole, kisha kuna kulima, kuna kufyeka. Watoto bado wanasoma. Na barabara yote ya kurudi Tunduru, alisema, kila atakayemwuliza mkono umefanya nini, itabidi ajibu kwamba kampuni imesema alijitakia. "Alhamdulillahi nipo hai. Lakini mimi si mzembe, mtani. Wewe unajua."

Nilijua.

Kikao kilifanyika ofisini kwa meneja. Alikuwepo meneja, afisa utumishi, msimamizi, na mwenzetu mmoja wa chama cha wafanyakazi ambaye hakuwa na mazoea ya kusema. Mtani wangu alikaa karibu na mlango, mkono umefungwa bandeji na kulazwa pajani. Meneja akaniuliza kama nilitoa tahadhari.

"Nilitoa," nikasema. "Nilisema, ndugu yangu, naomba upishe. Hakusogea. Baadaye nilisema, mateka. Akaruka palepale. Hilo la pili ndilo mlilotukataza."

Afisa utumishi akasema hatukuja kujadili lugha.

"Mimi nimekuja kujadili hiyo hiyo," nilimjibu, na niliisikia sauti yangu imepanda, nikaiacha ipande. "Mlituacha bila king'ora, tukavumilia. Tukajitengenezea kingine kwa midomo yetu, nacho mkakiondoa kwa sababu wageni watasikia vibaya. Mkawasha misumeno isiyopasua kitu. Msimamizi akawa anamhimiza mtu wa winchi asisimame. Halafu mmekaa hapa mnaniuliza kama nilimwita. Niliita kwa sauti mliyoniagiza niite, na kwa sauti hiyo hata malaika asingesikia."

Msimamizi alisema ninavuka mipaka. Meneja akamwashiria anyamaze. Alikuwa mtu wa kupima maneno, na nadhani alihisi mambo yanaharibika, kwa sababu aliniacha akamgeukia mtani wangu. "Tusikie kutoka kwako mwenyewe. Uliposikia unaombwa kupisha, kwa nini hukupisha? Au hukusikia kabisa?"

Nilitamani aseme hakusikia. Ingekuwa rahisi, na wote tungeamini.

"Nilisikia," alisema mtani wangu.

Mwenzetu wa chama akafumba macho.

"Nilisikia mtu anaombwa apishe, anaitwa ndugu. Nikajua anaambiwa mgeni." Alikuwa anasema polepole, bila kumtazama mtu. "Tangu nianze kazi humu, ukiacha ule mchezo wa siku zile chache, sijawahi kuombwa kitu. Naambiwa beba, naambiwa harakisha, naambiwa rudi. Wageni ndio walikuwa wanaombwa asubuhi ile, nilikuwa nawasikia nyuma yangu. Sikudhani na mimi naweza kuwa naombwa."

Afisa utumishi aliinamisha kichwa, na sikumwonea huruma. Meneja aligonga kalamu mezani mara kadhaa. Kisha akasema kwamba kwa maelezo hayo kikao hakiwezi kusema ni uzembe. Madai yake yatapelekwa kama ya mtu aliyeumia kazini, ataendelea kutibiwa, na akipona atatafutiwa kazi nyingine humu humu. Mimi nilipewa onyo kwa lugha isiyo na staha mbele ya wageni. Nikauliza, basi kosa lilikuwa la nani? Meneja akasema kikao hakikumwona mkosaji. Ni ajali, na ajali haina mwenyewe. Alisema hivyo kwa upole kabisa, akakusanya vitu vyake, na nikaona kwamba kwake jambo limekwisha.

Mtani wangu akashukuru. Aliwashukuru wote, mmoja mmoja, na hilo liliniuma kuliko onyo. Akainuka kwenda mlangoni. Kitasa kilikuwa cha mviringo, cha kuzungusha. Kwa mazoea akapeleka mkono wa kulia, na bandeji ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza. Watu waliokuwa wameamua kwamba hakuna mkosaji walikaa wakimtazama, hakuna aliyesogeza kiti. Niliinuka nikamfungulia.